Siku tano za mwisho: jinsi ya kumaliza safari ya kundi katika nyika ya Australia, kutoka Alice Springs hadi Adelaide

Kundi likishafika Alice Springs baada ya wiki tatu za vumbi, huanza kuzungumza kana kwamba safari imekwisha. Bado kuna kilomita 1,530 hivi za Stuart Highway hadi Adelaide, gari lina udongo mwekundu hadi ndani ya mikanda ya viti, risiti zimejaa kwenye mfuko wa plastiki, na mtu mmoja ameshaanza kununa kwa sababu amelipia mafuta mara tisa. Hasara nyingi za safari kama hii huja mwishoni: dhamana ya gari inayokatwa, nyanya zinazokamatwa, fedha ambazo hazirudi kwa aliyezitoa. Mwongozo huu unachukua kundi la watu sita, gari moja kubwa la 4x4 la kukodi lenye hema juu, na siku tano kamili. Mkiwa wawili au kumi hesabu itabadilika, mpangilio hautabadilika.

Ratiba, na kwa nini ni siku tano

Siku ya kwanza: Alice Springs hadi Coober Pedy, kilomita 690.
Siku ya pili: Coober Pedy hadi Port Augusta, kilomita 540.
Siku ya tatu: kuosha gari Port Augusta asubuhi, kisha kilomita 310 hadi Adelaide.
Siku ya nne: kurudisha gari.
Siku ya tano: ndege.

Kosa linalorudiwa kila msimu ni kubana siku ya tatu, ya nne na ya tano ziwe moja: kuamka Port Augusta alfajiri, kuendesha, kurudisha gari saa nane mchana na kupanda ndege usiku. Pancha moja ya Port Wakefield inatosha kuvunja mpango huo. Tena ukaguzi wa gari chafu huchukua muda kuliko wa gari safi, na mtu mwenye ndege saa tatu usiku husaini karatasi yoyote anayowekewa mbele. Hapo ndipo watu wanapokubali mikwaruzo ambayo si yao.

Jambo la saa. Northern Territory, iliko Alice Springs, haibadilishi saa mwaka mzima. South Australia, iliko Adelaide, husogeza saa mbele kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili. Ukivuka mpaka kusini mwa Kulgera mwezi Desemba unapoteza saa nzima, na simu isiyo na mtandao haitakuambia. Mkataba wa gari unafuata saa ya mahali pa kurudishia. Depo nyingi za magari ya kambi hufunga mapema alasiri, kwa hiyo saa hiyo moja inaweza kuwa siku nzima ya kodi ya ziada. Kati ya Aprili na Oktoba hakuna tatizo, saa ni ile ile. Na kwa sisi tunaosema "saa tatu" tukimaanisha 9:00, andikeni ratiba ya kurudisha gari kwa tarakimu za saa 24, mahali ambapo wote sita wanaiona. Uzoefu wa kutafsiri saa kichwani huisha nguvu mtu akichoka.

Alice Springs: kabla ya kuwasha gari

Huu ndio mji wa mwisho wenye mafundi wengi kabla ya Port Augusta. Kama mmepita Mereenie Loop au njia nyingine ya vumbi yenye mawimbi, mtikisiko ule umelegeza vitu ambavyo lami haitavionyesha mpaka mwendo ufike 110.

Anzeni na magurudumu. Kaza nati kwa spana, gari likiwa chini si kwenye jeki, kwa mpangilio wa kuvuka: ukikaza ya juu, inayofuata ni ya upande wa pili, si ya jirani yake. Kisha upepo. Wengi hushusha tairi hadi psi 25 au 28 kwenye vumbi na psi 16 hadi 20 kwenye mchanga, halafu husahau. Tairi laini kwenye lami ya moto hujikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata joto, na linapasuka ndani kwa ndani kabla halijaonyesha dalili nje. Rudisha kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ukipima asubuhi tairi likiwa baridi. Kwa magari mengi ya aina hii yenye mzigo ni kati ya 36 na 40, lakini kibandiko ndicho kinachosema. Pima na la spea pia.

Fungua boneti: vishikio vya betri, mabano ya betri ya pili ya friji, mipira ya rejeta. Halafu lala chini na tochi. Majani makavu na mbegu za spinifex, nyasi ngumu ya nyika hii, hujikusanya juu ya ekzosi na kwenye bamba la chini la injini. Nyasi hiyo ina utomvu unaoshika moto haraka, na magari huungua kwa sababu hiyo. Mkono wenye glavu na waya uliopindwa kama ndoano vinatosha kuziondoa, injini ikiwa imepoa. Usimwage maji kwenye ekzosi ya moto.

Kioo cha mbele kikiwa na alama ya jiwe, bandika utepe wa plastiki wa uwazi wenye gundi juu yake siku hiyo hiyo. Utepe hauzuii ufa, ila unazuia vumbi na unyevu visiingie ndani ya kovu, maana kovu chafu haliwezi tena kuzibwa vizuri na fundi. Ufa hukimbia pale kioo kinapopata joto upande mmoja na baridi upande mwingine: asubuhi ya Julai yenye barafu ukiwasha hita kali, au mchana wa Januari ukielekeza AC yote kwenye kioo. Pigeni simu kwa kampuni kabla ya kuziba, kwa sababu mikataba mingi hutaka idhini yao kwanza. Alama ndogo isiyo mbele ya macho ya dereva huzibwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kioo kipya.

Chakula sasa. South Australia inajilinda vikali dhidi ya nzi wa matunda, na haikuruhusu kuingia na matunda mabichi wala mboga zenye matunda kama nyanya na pilipili. Sheria inafanya kazi hata pale ambapo hakuna mtu wa kukusimamisha. Anayetoka Broken Hill atakutana na kituo cha ukaguzi Oodla Wirra, na anayetoka magharibi atakutana nacho Ceduna. Atakayekutwa na tunda hutozwa faini papo hapo. Njia rahisi ni hii: usiku wa mwisho Alice Springs, katakata nyanya, vitunguu na pilipili zote zilizobaki, kaanga mpaka ziwe rojo zito, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Kilichopikwa hakina shida. Rojo hilo ni chakula cha siku mbili, na kinachobaki kwenye friji ni nyama, mayai na mkate. Ndimu zinazojificha kwenye mfuko wa mlango ndizo humletea mtu faini, kwa hiyo fungueni kila mfuko.

Barabarani

Madereva watu wa Kenya na Tanzania hawana shida na upande, maana Australia nayo huendesha kushoto. Shida ni umbali na kujiamini. Northern Territory ina vipande vya barabara hii vyenye kikomo cha kilomita 130 kwa saa; ukivuka mpaka kinakuwa 110. Watu husahau kushuka.

Hesabu ya siku ya kwanza mwezi Juni: jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi, na Coober Pedy huzama muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kilomita 690 kwa wastani wa 100 ni saa saba, ongeza saa mbili za kupumzika, kula na mafuta. Mkiondoka saa mbili kamili mnafika saa kumi na moja. Mkiondoka saa nne mmeshachelewa, na afadhali mlale Marla, kituo kilicho njiani, kuliko kuendesha giza. Kangaruu, ng'ombe na ngamia hukaribia barabara magharibi na alfajiri, na mikataba mingi ya kukodi hukataza kabisa kuendesha usiku nje ya mji. Ukigonga mnyama saa mbili usiku, bima inaweza kukuachia gharama yote.

Mnyama akitokea mbele, funga breki ukiwa umenyoosha usukani. Kukwepa kwa kasi ndiko kunakopindua gari refu lenye hema juu. Tai wakubwa wakila mzoga barabarani, punguza mwendo mapema: ni wazito, huchelewa kuruka, na huruka kuelekea kwenye upepo, ambao unaweza kuwa unatoka upande wako.

Malori yenye trela tatu hufikia urefu wa mita 53.5. Usianze kulipita mpaka uone zaidi ya kilomita moja tupu mbele. Kama mna redio ya UHF, madereva wao wako chaneli 40. Mtaarifu kwamba mnapita, wengi watakujibu kama njia ni wazi. Redio hiyo itumike kwa neno fupi, si kwa hadithi.

Dereva abadilishwe kila saa mbili, hata yule anayesema hajachoka. Abiria wa mbele asilale. Hilo ndilo zamu yake. Daftari la safari liendelee kuandikwa mpaka depo: tarehe, saa, mahali, jina la dereva. Sababu itaonekana faini ikija.

Mafuta: gari la 4x4 lenye mzigo na hema hunywa lita 14 hivi kwa kilomita 100, kwa hiyo siku ya kwanza ni kama lita 97. Vituo vipo Erldunda, Kulgera, Marla. Siku ya pili ndiyo yenye pengo: kati ya Coober Pedy na Glendambo ni kilomita 254 bila pampu, yaani lita 36. Ondokeni Coober Pedy mkiwa mmejaza. Kwenye vituo vya katikati ya nyika mtaona petroli inayoitwa Opal. Imetengenezwa kupunguza tatizo la kunusa petroli katika jamii za huko na haidhuru injini ya petroli ya kawaida. Kubwa zaidi ni kuangalia kama gari lenu ni la dizeli. Mtu aliyechoka hushika mkono wa pampu ulio karibu. Mkikosea, msiwashe injini, hata kulisogeza pembeni. Sukumeni.

Barabara hii hupita ndani ya Woomera Prohibited Area, eneo la majaribio ya kijeshi. Kukaa barabarani na kwenye sehemu rasmi za kusimama ni halali, kuingia porini kutafuta pa kupiga hema si halali bila kibali. Lake Hart, ziwa la chumvi kati ya Glendambo na Pimba, ni mahali pazuri pa kusimama, lakini acheni gari kwenye changarawe. Tope la chumvi likiingia chini ya chasisi litawapa kazi mara mbili Port Augusta.

Coober Pedy: jioni ya hesabu

Hesabu zifungwe hapa, si Adelaide. Adelaide kila mtu ana binamu wa kumtembelea, ana zawadi za kununua, ana simu yenye mtandao. Coober Pedy mtalala chini ya ardhi, kwenye vyumba vilivyochimbwa katika mwamba ambamo joto hukaa nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima, hakuna pa kukimbilia, na watu wameshaoga. (Nje ya mji msirudi nyuma-nyuma mkipiga picha: mashimo ya wachimba opali, jiwe la thamani la huko, ni mengi, yako wazi, na baadhi ni marefu kuliko kisima.)

Mhazini alete risiti zote. Kwanza zitengwe marundo matatu: za wote, za wachache, za mtu binafsi. Rundo la pili ndilo lenye ugomvi. Ziara ya helikopta waliyoenda wanne inagawanywa kwa wanne. Bia inagawanywa kwa wanaokunywa. Mafuta ni ya wote hata aliyelala kiti cha nyuma njia nzima. Aliyejiunga au kuondoka njiani ahesabiwe kwa siku-mtu: jumla ya chakula igawanywe kwa jumla ya siku za wote, kisha kila mmoja azidishiwe siku zake.

Halafu hesabu yenyewe. Tuseme matumizi ya wote ni dola 9,600 za Australia kwa watu sita, yaani 1,600 kila mmoja. Aliyeshika kadi ya gari, tumwite A, amelipa 5,100. B amelipa 2,250, C 1,300, D 700, E 250, na F hajalipa kitu. Kila mmoja aondolewe 1,600:

A anadai 3,500. B anadai 650.
C anadaiwa 300. D anadaiwa 900. E anadaiwa 1,350. F anadaiwa 1,600.

Wanaodai jumla 4,150, wanaodaiwa jumla 4,150. Zisipolingana kuna risiti imehesabiwa mara mbili au imesahaulika. Itafuteni kabla ya kuendelea. Sasa punguzeni miamala: F amlipe A 1,600, E amlipe A 1,350, D amlipe A 550 na B 350, C amlipe B 300. Miamala mitano imemaliza kila kitu. Bila mpango huu watu sita hutumiana fedha mara kumi na tano na bado mmoja hubaki akidai dola arobaini miezi miwili.

Kama kuna anayelipa kwa shilingi kupitia simu akirudi nyumbani, wekeni kiwango cha kubadilishia fedha usiku huo huo, kiandikwe. Kiwango "cha siku hiyo" huzaa mjadala.

Kisha tengeni akiba ya mkia: dola 100 kila mtu, jumla 600, mkononi mwa mhazini. Hii ni ya faini, ada za barabara na makato ya dhamana yatakayojitokeza baada ya kuachana. Kiasi chochote kitakachobaki kinarudi. Makundi mengi huona aibu kutenga fedha za tatizo ambalo halijatokea, na matokeo yake mwenye kadi ndiye hubeba kila kitu peke yake, kwa sababu kampuni inamjua yeye tu.

Na uharibifu? Msimamo wetu: alama ya jiwe, pancha na mikwaruzo ya vichaka ni ya kundi zima, yeyote awe dereva. Faini ya mwendo ni ya aliyekuwa usukani, daftari litasema. Mafuta yasiyo sahihi na kuendesha usiku kinyume cha makubaliano ni ya aliyefanya, kama mlikubaliana hivyo mwanzo. Kama hamkukubaliana mwanzo, ni ya wote, na mwiba huo umezwe.

Mwisho wa jioni hiyo, hamishieni picha. Kadi za kamera zikusanywe, zinakiliwe kwenye diski mbili zinazosafiri na watu wawili tofauti. "Nitawatumia" ni neno tamu tu.

Port Augusta: kuosha

Vumbi la nyika hii ni jekundu kwa sababu ya chuma kilichopata kutu, ni laini kama unga wa muhogo, na lina tabia moja inayoamua kila kitu: likiwa kavu hufutika, likilowa huwa rangi. Wanaolijua vumbi la Tsavo wataelewa. Kwa hiyo kavu kwanza, maji baadaye. Ukianza na kitambaa chenye maji kwenye kiti cha kitambaa umekipaka rangi, na kampuni itakutoza usafi wa kitaalamu.

Tafuteni sehemu ya kujioshea yenye mashine ya shinikizo na mashine ya kufyonza vumbi. Tengeni saa tatu na watu wanne. Wawili waende kununua chakula na kurudisha chupa.

Hatua zinakwenda hivi. Toa kila kitu nje, pamoja na zulia za miguu na droo za jiko. Fungua hema la juu, ling'ute, liache wazi likauke. Hema lililofungwa na umande hutoa ukungu kwa siku mbili na hilo ni hema jipya mnalilipia. Kwa brashi laini ya kupakia rangi, sukuma vumbi kutoka kwenye matundu ya AC, vitufe na mishono ya viti, huku mwenzako akifuata na mashine ya kufyonza. Anza juu, shuka chini. Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho, ifyonze, usiirudishe mpaka imalizike. Rudisha viti nyuma hadi mwisho kisha mbele hadi mwisho, kwenye reli zake ndiko mchanga unapolala. Ndipo ushike kitambaa kilichokamuliwa sana na ufute plastiki, ukikisuuza kila mara.

Mipira ya milango ndiyo mahali mkaguzi anapoangalia kwanza. Vumbi huingia nyuma zaidi kuliko mbele kwa sababu gari likienda kasi hewa iliyo nyuma yake huwa na mvuto, na mlango wa nyuma hufyonza. Futa mpira wenyewe, kisha fremu unayoukuta chini yake, kisha bawaba.

Nje, anza chini. Pitisha maji chini ya chasisi, ndani ya matao ya magurudumu, juu ya bamba la injini, mpaka maji yanayotoka yasiwe mekundu. Kama mlipita chumvi au ufukwe, rudia mara ya pili. Usilenge rejeta kwa karibu, mapezi yake hupinda na hewa haipiti. Simama mita moja na nusu au zaidi. Usilenge betri, nyaya wala viungo vya magurudumu. Sabuni baada ya hapo, juu kwenda chini, na brashi ya sehemu ya kujioshea isuuzwe kwanza, maana ina mchanga wa gari lililotangulia nao utakwaruza rangi.

Msitafute gari ling'ae. Mnatafuta gari ambalo mkaguzi anaweza kuona kila upande bila kusugua.

Wale wawili waliokwenda dukani: South Australia hulipa senti 10 kwa kila kopo au chupa ya kinywaji inayokubalika, mfumo ulioanza mwaka 1977. Mkiwa na vyombo 300, hiyo ni dola 30, chakula cha mchana cha siku hiyo. Visibondwe, na lebo zibaki.

Kurudisha gari

Jaza mafuta ndani ya kilomita 10 za mwisho, chukua risiti yenye saa. Piga picha ya dashibodi inayoonyesha geji na kilomita. Kisha video moja bila kukata: anza na namba ya gari, zunguka taratibu ukifuata mwendo wa saa, kila tairi, kila kioo, paa kwa kuinua simu, chini kwa kuishusha, ndani, mwisho ile orodha ya vifaa vikiwa vimepangwa juu ya meza. Hesabu vijiko, vigingi vya hema na viti. Vijiko viwili vilivyobaki Kings Canyon ni dola chache, lakini orodha isiyolingana humfanya mkaguzi afungue macho.

Wawe watu wawili wakati wa ukaguzi, mwenye mkataba na mwingine wa kusoma. Kila kasoro ilinganishwe na fomu ya siku mliyochukua gari. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu. Kiasi kilichoshikwa kwenye kadi kama dhamana hakiachiwi papo hapo. Uliza siku ngapi, na omba barua pepe inayosema gari limepokelewa salama.

Simu ya setilaiti na kirusha-ishara cha dharura vya kukodi virudishwe mkononi. Kisitupwe kamwe kwenye pipa: kikiwaka chenyewe dampo, waokoaji huanza kutafuta watu wasiopotea.

Mizigo na uwanja wa ndege

Mitungi ya gesi hairuhusiwi ndegeni, hata tupu. Waachieni wasafiri wanaoanza, jikoni mwa kambi nyingi za Adelaide kuna rafu ya kuachiana vitu. Jiko lililotumika mashirika mengi hulikataa kwa harufu ya mafuta tu. Pawa benki iende mkononi: ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, iko chini ya kikomo cha Wh 100, ya mAh 30,000 ni Wh 111 na inahitaji idhini ya shirika. Bumerangi iingie kwenye sanduku la chini. Viatu visuguliwe udongo wote chini ya soli.

Mawe na mchanga wa Uluru viacheni. Kuvichukua ni kosa kisheria, na hifadhi hupokea vifurushi vya watu wanaorudisha mawe kwa posta wakiomba radhi.

Aliyenunua opali anaweza kurudishiwa GST, kodi ya bidhaa na huduma. Masharti: awe ametumia dola 300 au zaidi kwa mfanyabiashara mmoja, ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka, awe na ankara ya kodi yenye ABN, yaani namba ya biashara ya muuzaji, na kitu chenyewe kiwe mkononi au mwilini. Ikifika dola 1,000 ankara iwe na jina lake. Kupata kiasi, gawanya bei kwa 11: opali ya dola 900 inarudisha dola 81.80 hivi. Si wachuuzi wadogo wote wa Coober Pedy wanaokusanya GST, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Msiunganishe ununuzi wa watu watatu kwenye ankara ya mmoja. Dirisha la madai liko baada ya uhamiaji, nenda mapema, maana madai hayapokelewi zikibaki dakika 30 ndege iondoke.

Baada ya kuachana

Faini za kamera za barabarani huenda kwa kampuni, kampuni huongeza ada yake ya karatasi na kutoa jina la mwenye mkataba, na yote hayo huchukua wiki kadhaa. Mhazini akipokea, afungue daftari, alinganishe tarehe na saa, ampigie dereva husika simu kabla ya kuandika kwenye kundi la WhatsApp. Akiba ya mkia ikae siku 60 tangu gari lirudi. Siku ya 61, kama hakuna barua iliyo njiani na dhamana imerudi kamili, atume picha ya mahesabu na kurudisha dola za kila mtu, kisha ndipo kundi la WhatsApp lifungwe au libadilishwe jina.